Notsi Zetu Zilikuwa Kamili

Tuliomaliza kidato cha nne mwaka 2012 katika shule za kata za Shinyanga, kuna jambo moja ambalo hakuna mkaguzi angeweza kututia doa: notsi zetu zilikuwa kamili. Kaunta buku za kwaya tatu na nne, zimejaladiwa kwa gazeti na nailoni juu yake, vichwa vya habari kwa wino mwekundu, mistari imepigwa kwa rula, tarehe juu kulia. Ukilala siku moja kwa malaria, jioni unaazima daftari la mwenzako na kunakili mpaka vidole vife ganzi, kwa sababu pengo kwenye notsi lilikuwa aibu kubwa kuliko pengo kichwani. Mimi nilichora figo ambayo mwalimu aliibeba kwenda kuwaonyesha kidato cha pili. Sehemu zake zote zilikuwa na majina, kwa Kiingereza, bila kosa la herufi. Ungeniuliza figo inafanya kazi gani mwilini, ningekuomba kwanza nikachukue daftari.

Shule yetu haikuwa mbali na njia panda. Anayeijua Tinde anaijua kwa njia panda hiyo: barabara ikitoka Nzega inagawanyika, ya kulia inakwenda Shinyanga mjini na Mwanza, ya kushoto inakwenda Isaka na Kahama, na kuendelea hadi mpaka wa Rusumo. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo hupita hapo usiku na mchana, na mji wenyewe umekua ukiyauzia chai, chapati, vocha na mahali pa kulala. Tulisikia breki zao tukiwa darasani, mwalimu akiandika ubaoni, kama yupo.

Hilo "kama yupo" si utani. Shule za kata zilijengwa kwa kasi baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) kuanza mwaka 2004, na kasi ikazidi kuanzia 2006. Baba zetu walichangia fedha, wengine mpunga, wengine nguvu zao kwenye kuchoma matofali, na mimi sitajiunga na wanaozicheka shule hizo, maana bila ile yetu ningeishia darasa la saba kama kaka zangu wote. Ila kuta ziliwatangulia walimu. Tulifundishwa na vijana waliotoka kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache, wale ambao nchi nzima iliwaita "voda fasta", nao waliondoka mara tu walipopata nafasi ya chuo. Fizikia ilikaa bila mwalimu kwa muda mrefu hadi tukaacha kuiulizia.

Aliyefundisha, basi, ni monita. Anapewa daftari la mwalimu, ambalo nalo lilinakiliwa kutoka daftari la mwalimu mwingine, anapanda ubaoni, anaandika, sisi tunaandika, kengele inalia. Kuna neno moja la Biolojia ambalo mkondo wetu wote uliliandika kwa kosa lile lile mpaka chumba cha mtihani, na kosa lilikuwa la monita. Mwalimu akipatikana, tunaimba. Maana ya usanisinuru tuliitamka kwa sauti moja, Kiingereza chote kuanzia neno la kwanza hadi nukta, huku nje ya dirisha mwembe ukilifanya jambo hilo hilo juani bila mtu kuutazama.

Nyumbani ilikuwa zamu ya koroboi. Asubuhi ukipenga kamasi ni jeusi, na hiyo ilikuwa dalili njema: umesoma. Kukesha kulikuwa na heshima yake, na aliyekesha hakuficha. Tulipeana mbinu za kuushinda usingizi, ya kwanza kwa umaarufu ikiwa ni kutumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi. Maji ya Ziwa Victoria yalifika Shinyanga mjini na Kahama mwaka 2009, lakini kwetu wakati huo dada yangu alikuwa bado anapanga foleni kisimani na madumu. Usiku mmoja mama alinikuta nimesinzia juu ya meza, miguu imo ndani ya beseni.

"Ng'wanawane," akasema, "hayo maji ni ya ugali wa kesho. Kama miguu ndiyo inayosoma, ipeleke kisimani ikachote mengine."

Niliyamwaga kwenye mche wa mpapai na kuendelea bila beseni. Kilichofanyika ndani ya kukesha huko hakuna aliyekiuliza, wala mama, wala mwalimu, wala mimi. Nilifungua daftari ukurasa wa kwanza nikasoma kwa sauti, kutoka juu kwenda chini, hadi usingizi ulipokuja. Kesho yake nilifungua daftari hilo hilo, ukurasa wa kwanza tena, kwa sababu mtu mwenye akili zake haanzi katikati. Ndiyo maana kidato cha nne kizima tulikuwa mabingwa wa mada ya kwanza ya kila somo. Historia tuliijua vizuri hadi zama za chuma. Jiografia ilituishia kwenye mfumo wa jua. Mtihani ulipouliza habari za mbele ya hapo tuliandika kurasa nyingi, tukatoka nje tukijipongeza kwa kuomba karatasi za ziada.

Matokeo yalitangazwa Februari 2013, na hayo sina haja ya kuyaeleza kwa marefu kwa mtu aliyekuwapo. Zaidi ya watahiniwa 240,000 walipata daraja sifuri, wengi kuliko wote waliofaulu kwa madaraja yote yakijumlishwa. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome. Redioni watu walisema ni uvivu, ni simu, ni Bongo Fleva, ni walimu wenye mgomo baridi. Sisi wa Tinde tulisomewa matokeo dukani, kwenye simu ya muuza vocha, mmoja mmoja, wateja wengine wakisikiliza. Nilipofika nyumbani na habari zangu, baba hakugomba. Aliuliza tu, "Si ulikuwa unakesha?"

Swali lile lilikuwa zuri kuliko yote yaliyoulizwa mwaka ule. Nilikuwa nakesha, ndiyo. Baba alikuwa mkulima wa pamba na mpunga, alijua mtu akilima heka mbili atavuna kidogo au kingi kulingana na mvua, ila hawezi kuvuna sifuri kamili na mvua imenyesha. Alihisi kuna mahali kazi yangu yote ilivujia. Hatukuwa na maneno ya kulizungumza, yeye wala mimi, basi tukaliacha.

Kwa kijana wa Tinde aliyefeli, usafiri haukuwa tatizo. Lori linasimama mlangoni. Nilidandia hadi Kahama, kutoka hapo nikashika barabara ya vumbi inayopita Kakola, nikaingia Geita, na safari ikaishia Nyarugusu, hii ya wachimbaji, si ile ya kambi ya wakimbizi kule Kasulu. Mei mwaka huo huo serikali ilitangaza bungeni kwamba matokeo yanafutwa na kupangwa upya. Wapo waliolala na sifuri wakaamka na daraja la nne. Habari ilinikuta nimebeba kiroba cha mawe begani kutoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, kwenda karashani, nikamwomba mtu aniangalizie namba yangu. Ilikuwa palepale ilipokuwa.

Kazi ya kubeba viroba haikuhitaji cheti. Wenye duara walio wengi hawakutulipa fedha, walitulipa mawe, na hapo ndipo kila mtu alikuwa mjinga kwa namna yake. Vijana tulihesabu viroba. Ukimaliza wiki na rundo lako, unalitazama na kuliona ni mali; unalipia karasha mawe yasagwe, unanunua maji, unaosha, unakamatisha kwa zebaki, unachoma, na mara nyingi unabaki na punje isiyolipa hata deni la karasha. Wiki inayofuata unabeba tena, kwa nguvu zaidi, ukiamini kwamba kilichokosekana ni bidii.

Alikuwapo mzee mmoja mwenyeji wa upande wa Kwimba, elimu yake darasa la nne la zamani, ambaye hakuwahi kupeleka kiroba karashani kabla ya kukipima. Nilimtazama mara nyingi na bado mikono yake naiona. Anachota vipande kutoka juu ya kiroba, vya katikati, vya chini, bila kuchagua vinavyong'aa. Anavitwanga kwenye kinu cha chuma hadi viwe unga, anaumimina kwenye karai, anatia maji, kisha anaanza kulizungusha taratibu, akilikinga kwa kidole gumba na kuyaacha maji machafu yatoke na mchanga kidogo kidogo. Hazungumzi. Mwisho unabaki mstari mwembamba wa uchafu mweusi ukingoni, na nyuma yake ama kuna mkia wa njano, ama hakuna. Ukiwapo, anafunga kiroba. Usipokuwapo, anakimwaga pembeni, jasho lote la kukibeba likiwemo. Nilimwambia siku moja kwamba anatupa mali.

"Wewe unahesabu viroba," akajibu. "Mimi nahesabu kilichobaki kwenye karai."

Ningependa kudai kwamba hapo hapo niliona maisha yangu ya shule yote yakipita mbele yangu. Sikuona kitu. Nilikuwa na njaa na nilitaka aniazime karai.

Jambo jingine la machimboni lililonisaidia lilikuja kwa bahati. Kwa kuwa nilikuwa na kidato cha nne, cha sifuri lakini cha nne, nilipewa daftari la kuandika mgawo wa mawe: mwenye shamba, mwenye duara, wachimbaji wa chini, wavutaji wa kamba, mpishi. Ukikosea uwiano hapo hakuna alama nyekundu, kuna ngumi. Uwiano na asilimia, mambo niliyoyanakili kikamilifu mwaka wa kwanza na kuyakosa mwaka wa nne, niliyajua kwa muda mfupi sana, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, kwa sababu kila jioni niliulizwa na kila jioni nilijibu bila kuangalia popote.

Sikudumu. Mvua zilijaza maduara maji, kazi zikasimama, na mwenzangu niliyekaa naye dawati moja shuleni, aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko sisi sote, alifukiwa na kifusi na hakutoka mzima. Nilirudi Tinde nikajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sikuwa na mwalimu wala fedha ya tuisheni. Kaunta buku zangu mama alikuwa ameziuza kwa muuza karanga, wa kufungia, na nilipochukia akanitazama kwa mshangao wa kweli: nilikuwa nimeshamaliza kuzitumia, au sivyo?

Kukosa notsi ndiko kulikoniokoa, na nalisema hilo nikijua linavyosikika. Kitu pekee nilichoweza kumudu ilikuwa mitihani ya miaka ya nyuma, nakala zilizofifia kutoka steshenari ya barabarani. Nikafanya kinyume cha kila nilichofunzwa: nilianza na mtihani. Kabla ya kusoma chochote nilikaa nikajibu nilichoweza, nikagundua ni kidogo kiasi cha kuchekesha, na kwa mara ya kwanza nilijua hasa nisichokijua kilikuwa kipi. Hapo ndipo karai la yule mzee liliponijia, nimeketi chini ya mwarobaini na karatasi nyeupe mbele yangu. Miaka minne nilibeba viroba na sikuwahi kupima hata kimoja.

Toka siku hiyo niliazima kitabu kwa jirani, nasoma sehemu fupi, nakifunga, naandika nyuma ya karatasi chakavu yale yaliyobaki kichwani. Yanayobaki huwa machache na yanatia uchungu. Ndipo nafungua kuangalia kilichokosekana, hicho tu. Kisha nakiacha nikafanye mengine, narudi kwake baada ya siku mbili tatu, nikiwa nimeanza kusahau, naandika tena bila kuangalia. Nililala usiku. Hilo liliwatia wasiwasi majirani; taa yetu ilizimika mapema na wakahisi nimekata tamaa.

Mama alikuwa msikilizaji wangu. Alikuwa akipanga michembe kwenye gunia, mimi namweleza mzunguko wa damu kwa Kisukuma, naye ananikatiza. Maswali yake yalikuwa ya mtu anayetaka kujua, si ya mtu anayetoa alama. Nilipofika kwenye figo akauliza kama ya mbuzi na ya binadamu zinafanana. Sikujua. Siku ya mbuzi, mjomba alipochinja, mama aliitoa figo akanipa kisu. Nikaipasua kwa urefu. Rangi mbili zilikuwapo, ya nje na ya ndani, sawasawa na mchoro wangu uliotembezwa madarasani, na ule mrija mweupe unaotoka katikati nikaufuata kwa kidole hadi kwenye kibofu. Mjomba alisema tunachezea nyama. Swali la figo lilipokuja kwenye mtihani sikukumbuka ukurasa wowote. Nilimkumbuka mbuzi, kisha nikahangaika na Kiingereza chake.

Hilo la Kiingereza halifai kupitwa kimya. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Serikali haikulifuata pendekezo hilo. Mwanafunzi anayetoka shule ya msingi ya Tinde, nyumbani Kisukuma, darasani Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza Januari na kukuta karibu masomo yote, mbali na Kiswahili chenyewe, yamehamia lugha ambayo hajawahi kugombana nayo wala kucheka nayo. Atafanya nini zaidi ya kukariri? Kukariri ni njia ya kiungwana ya kujisitiri mbele ya maneno usiyoyaelewa. Wanaowalaumu watoto kwa kukariri waje wakae dawati la nyuma wiki moja.

Nilifaulu kiasi cha kuniingiza chuo cha ualimu, na huko, katika somo la saikolojia, nikakuta kwamba niliyoyagundua chini ya mwarobaini yana wenyewe, tena wa zamani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana yoyote, ili apime kumbukumbu tupu. Akaona kwamba kusahau huenda mbio sana mwanzoni kisha hupungua kasi, na kwamba marudio yaliyosambazwa kwa siku kadhaa hushinda marudio yaliyolundikwa pamoja. Kitabu chake kilitoka mwaka 1885. Mwaka huo huo Kaizari wa Ujerumani alimpa Carl Peters hati ya kuikalia nchi yetu. Wajerumani walituletea mengi baada ya hapo, pamba ikiwemo, ila hilo la Ebbinghaus halikuwa kwenye mizigo. Na nilipomsoma nilicheka peke yangu maktaba: yeye alilazimika kuzibuni silabi zake zisizo na maana, sisi tulipewa kwenye ubao.

Halafu kuna jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kule St. Louis, lililochapishwa mwaka 2006. Waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi wakavisoma tena, wengine wakaandika walichokumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojiandikia bila kuangalia walikumbuka takriban asilimia 56, na wale wengine 42. Lakini lililonigusa ni jingine: waliorudia kusoma mara nyingi ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje. Nilituona darasa zima, Novemba 2012, tukielekea chumba cha mtihani na uhakika wetu.

Mwaka 2006 huo ndio matofali ya shule yetu yalikuwa yanachomwa. Sisemi mtu angetakiwa kulipakia jaribio lile kwenye lori pamoja na saruji. Ila ujuzi huu haugharimu chochote, hauhitaji maabara wala umeme, unahitaji mtoto, karatasi chakavu na kitabu kimoja kilichofungwa, na bado ndio uliochelewa kufika kuliko vyote vilivyotufikia.

Maana vingine vimefika. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa Januari 2016. Maji ya Ziwa Victoria sasa yanatoka bombani Tinde, na anayetaka kutumbukiza miguu kwenye beseni haibi maji ya mtu. Umeme upo, koroboi zimebaki kwa wazee wasioamini. Mtaala mpya umeanza mwaka 2024, nao una maneno mazuri kuhusu umahiri, ingawa yale ya mwaka 2005 nayo yalikuwa mazuri. Mitihani yote ya nyuma ipo kwenye simu, bure, na majibu yake.

Nami nimekodi chumba nyuma ya maduka ninapofundisha warisiti, wale wanaorudia mtihani, jioni baada ya kazi ya shule. Wanaokuja ni watu wazima kiasi: bodaboda, mama ntilie, utingo mmoja anayekwenda Rusumo na kurudi ambaye hunitumia majibu yake kwa picha akiwa foleni ya mpakani. Nilitegemea kwamba watu hawa, wenye simu na taa, watasoma tofauti na tulivyosoma sisi. Hawasomi tofauti. Wamehamisha tu kaunta buku. Wana mafaili kwenye simu hadi simu inagoma kupiga picha, wana makundi ya kutumiana madesa, wana kalamu za rangi za kupaka juu ya mistari muhimu, na mwisho wa zoezi ukurasa mzima umekuwa wa njano. John Dunlosky na wenzake walipozichambua mbinu 10 za kujisomea mwaka 2013, kupaka rangi na kurudia kusoma viliwekwa chini kabisa kwa manufaa. Kujipima na kusambaza masomo ndivyo vilivyowekwa juu. Niliwasomea warisiti wangu habari hiyo. Mmoja akaipaka rangi.

Mama mmoja anayeuza nyanya stendi alifika siku moja macho mekundu.

"Shikamoo mwalimu. Jana sijalala, nimeimaliza ile sura ya mmeng'enyo yote, mara tatu."

"Marahaba mama. Hongera. Funga simu, nieleze chapati uliyokula asubuhi imeshafika wapi."

Akacheka. Akatazama dari. Alijua jina la kila kimeng'enya, kwa Kiingereza kizuri kuliko changu, lakini chapati ilikwama mdomoni ikakataa kumezwa. Tulikaa nayo jioni nzima, tukaisukuma hadi tumboni, na alipokosea hakuruhusiwa kuifungua simu mpaka aandike kwanza anachodhani. Alikasirika kweli. Kuna hasira fulani inayompata mtu mzima anapogundua kwamba usiku wake mzima haukubakiza kitu, na mimi huwa sina la kumwambia zaidi ya kumpa karatasi nyingine. Wiki iliyofuata akaieleza chapati toka mwanzo hadi mwisho, na akaongeza swali lake mwenyewe kuhusu mtoto wake anayetapika maziwa.

Shida yangu siku hizi ni wazazi. Baba mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga ana binti aliyepata sifuri, na amemleta kwangu. Mwezi haujaisha alikuja mwenyewe, ameshika daftari la binti kwa ncha za vidole.

"Mwalimu, mimi ada nimelipa. Mbona daftari jeupe?"

Nikamweleza kadiri nilivyoweza. Nikamwita binti, nikamwomba amweleze baba yake kwa nini maji ya kisima yenye chumvi hayatoi povu la sabuni. Alieleza, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza, akichora mchangani kwa kijiti. Baba alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza. Aliridhika, niliona.

"Sawa," akasema. "Lakini na aandike. Wale wa chumba cha ng'ambo ya barabara wanaandika. Mtu akiniuliza nilichokilipia, nitamwonyesha nini?"

Nilifikiria jibu na sikulipata la maana. Mtu amekoboa mpunga wa watu msimu mzima apate ada hiyo. Basi sasa Jumamosi asubuhi ni ya notsi. Ninaandika ubaoni, wao wananakili, mistari kwa rula, na mzazi akipita anaona kazi inafanyika. Siku nyingine tunasoma. Tangu Jumamosi hizo zianze wanafunzi wameongezeka hadi wengine wanakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, na mwenye chumba ameshapandisha kodi.